Jiwe la Hamma: Karani wa Kigiriki na Mwaka wa 42

Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, na rehma na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), jamaa zake na Masahaba zake wote.

Ama baada ya hayo. Wako vijana wetu wanaosoma vyuo vikuu, na wako hata wanafunzi wa madrasa, ambao siku hizi huwaendea maimamu wao na swali zito: je, ni kweli kwamba limepatikana jiwe la Kigiriki linalothibitisha kuwa Muawiya bin Abi Sufyan (r.a.) alikuwa Mkristo, na kwamba Uislamu ulitungwa baada yake? Wengi wao hujibiwa kwa mkato kuwa hayo ni maneno ya makafiri, na mazungumzo yakaishia hapo. Kijana huondoka kimya, lakini swali huondoka naye. Na swali lililonyimwa jibu msikitini hutafuta jibu kwingineko.

Makala haya yanalitazama jiwe hilo lenyewe, kisha yanapima yale yaliyosemwa juu yake na pande zote mbili: wale wanaolitumia kuuvunja Uislamu, na wale miongoni mwetu wanaolikataa au kulibebesha lisichokibeba.

JIWE LENYEWE

Al-Hamma ni mahali penye chemchemi za maji moto katika bonde la mto Yarmuk, chini ya mji wa kale wa Gadara, ambao leo waitwa Umm Qais na uko Jordan. Bonde hili ndilo lile lililoshuhudia vita vikubwa vya Yarmuk mwaka 15 Hijria (636 Miladia). Warumi walijenga hapo hamamu kubwa, na wagonjwa walitoka mbali kwenda kuoga. Eneo hilo lilitekwa na Israel katika vita vya mwaka 1967, na kuanzia 1979 hadi 1982 wachimbuzi wakiongozwa na Yizhar Hirschfeld na Giora Solar walifukua majengo yake. Humo yalipatikana maandishi mengi ya Kigiriki, likiwemo shairi la malkia wa Kirumi Eudocia la karne ya 5 linalosifu maji hayo. Maandishi makuu yalichapishwa mwaka 1982. Kwa wachimbuzi basi si mapya tena. Ni mapya kwetu sisi, kwa kuwa hayajafundishwa katika madarasa yetu.

Kati ya maandishi hayo kuna jiwe moja la mistari tisa. Mwanzo wake pamechongwa msalaba. Kisha maneno yake, kwa maana, yasema hivi: katika siku za mja wa Mungu Muawiya, Amiri wa Waumini, hamamu ya mahali hapa ilisafishwa na kufanywa upya na liwali Abdallah mwana wa Abu Hashim (wako wanaosoma Abu Asim), kwa ajili ya kuponya wagonjwa, chini ya usimamizi wa Ioannes, ofisa wa Gadara. Kisha inafuata tarehe: tarehe 5 Desemba, siku ya Jumatatu, mwaka wa 6 wa mzunguko wa kodi, mwaka wa 726 wa mji, na kwa hesabu ya Waarabu mwaka wa 42.

Jambo la kwanza la kuzingatia ni kuwa cheo cha Khalifa hakikufasiriwa. Mwandishi alikuwa na maneno ya Kigiriki ya kumtaja mfalme, lakini aliliacha neno la Kiarabu kama alivyolisikia, akalichonga kwa herufi za Kigiriki: «abdalla», kisha «amera almoumenen». Ndicho kile kile cheo tunachokisoma katika vitabu vyetu kuwa kilianza kutumiwa na Umar bin al-Khattab (r.a.). Na hilo «abdalla» si jina la pili la Muawiya, kama ilivyodhaniwa na baadhi ya watu. Ni sifa ya unyenyekevu waliyokuwa wakiitanguliza makhalifa katika barua zao, yaani mja wa Mwenyezi Mungu.

WALIYOYASEMA WAPINZANI

Kuanzia miaka ya 1970 lilitokea kundi la mustashrikina waliosema kuwa vitabu vya Kiislamu viliandikwa baadaye mno, basi historia ya mwanzo wa Uislamu itafutwe nje ya vitabu hivyo. Patricia Crone na Michael Cook walitoa kitabu chao Hagarism mwaka 1977. Yehuda Nevo na Judith Koren wakaja na Crossroads to Islam mwaka 2003, wakidai kuwa hata Makhalifa Waongofu hawana ushahidi wa kuwepo kwao. Kisha nchini Ujerumani, mwaka 2005, katika mkusanyiko uliohaririwa na Karl-Heinz Ohlig na Gerd Puin, Volker Popp alilishika jiwe hili la Hamma na kulifanya nguzo: kuna msalaba, hakuna jina la Mtume (s.a.w.), hakuna neno Hijra, basi mtawala huyu alikuwa Mwarabu Mkristo, na hesabu ya miaka yake chanzo chake ni ushindi wa Kaisari Heraclius wa mwaka 622.

Hoja ni tatu. Tuzijibu moja moja, kwa mizani ile ile ambayo wao wenyewe wameichagua, yaani mizani ya jiwe.

Kwanza, hesabu ya miaka. Jiwe lina tarehe nne zinazokaguana. Tarehe 5 Desemba iliangukia Jumatatu mwaka 662. Mwaka wa 6 wa mzunguko wa kodi, ambao Warumi waliuhesabu kwa duru za miaka 15, ulianza Septemba 662. Mwaka wa 726 wa Gadara, mji uliohesabu miaka yake tangu ulipoingia mikononi mwa Warumi mwaka 64 kabla ya Miladia, ulianza nao mwaka 662. Tarehe zote tatu zinakutana siku moja. Sasa tuitazame ya nne, mwaka wa 42 wa Waarabu. Kama hesabu hiyo ingekuwa ya miaka ya jua iliyoanza mwaka 622, basi Desemba 662 ingekuwa ndani ya mwaka wa 41, wala isingefika 42. Lakini ukihesabu kwa miaka ya mwezi kuanzia Hijra, siku hiyo inaangukia katikati ya Shaaban ya mwaka wa 42, bila kupungua wala kuzidi. Mwaka wa mwezi ni mfupi kuliko wa jua kwa takriban siku 11, na katika miongo minne tofauti hiyo imezaa mwaka mzima na zaidi. Jiwe limeibeba tofauti hiyo. Mtawala wa Kikristo anayeadhimisha ushindi wa Kaisari angehesabu kwa miezi ya mwandamo kwa sababu gani? Na karani wa Kirumi angeiitaje hesabu ya Kaisari wake mwenyewe kuwa ni «ya Waarabu»? Hapa dai limevunjwa na ushahidi ule ule ulioletwa kulijenga.

Ama kutokuwepo kwa neno Hijra, hilo si la ajabu. Karani aliandika jinsi watu wa mji wake walivyoiita hesabu ya watawala wao. Hata nyaraka za Kiarabu za zama zile hutaja mwaka bila kuongeza neno. Uko waraka wa mafunjo uliohifadhiwa Vienna, ulioandikwa Ihnas huko Misri mwezi wa Jumada al-Ula mwaka 22 Hijria (643 Miladia), kwa Kiarabu na Kigiriki pamoja. Ni stakabadhi ya kondoo 65 ambao Amiri Abdallah bin Jabir aliwapokea kwa ajili ya jeshi lake, 50 na 15. Sehemu ya Kiarabu imeanza kwa Bismillahi kamili. Mwaka umetajwa kuwa ni wa 22, basi. Lakini nyuma ya waraka huo huo, karani wa Kigiriki amewaita wapokeaji wa kondoo «magaritai», na wataalamu wameeleza kuwa neno hilo limetokana na Muhajirun. Yaani miaka 20 kabla ya jiwe la Hamma, raia wa Misri waliwajua Waislamu kwa jina la Hijra yao. Atakayesema Hijra ilitungwa baadaye na atueleze neno hilo lilifikaje kwenye kalamu ya karani wa Kikristo wakati Umar (r.a.) yu hai.

Pili, msalaba. Jiwe halikuchongwa na Muawiya. Khalifa alikuwa Damascus, na kazi ilisimamiwa na Ioannes, ambaye jina lake latosha kumtambulisha. Makarani wa Kikristo walikuwa na ada ya kutanguliza msalaba katika maandishi yao kama sisi tunavyotanguliza Bismillahi. Tusisahau kuwa diwani ya Sham iliendelea kuandikwa kwa Kigiriki, na mkuu wake katika zama za Muawiya alikuwa Sarjun, Mkristo. Al-Baladhuri ametaja katika Futuh al-Buldan kuwa ni Abdul-Malik bin Marwan aliyeigeuza kuwa ya Kiarabu mwaka 81 Hijria, kwa mkono wa Sulayman bin Saad. Basi karani wa Kigiriki na msalaba wake si jambo ambalo wanahistoria wetu walilificha. Walilieleza, na jiwe limewasadikisha.

Tatu, kutotajwa kwa Mtume (s.a.w.). Kutotajwa si kukanushwa. Hii ni taarifa ya ukarabati wa hamamu iliyoandikwa na Mkristo kwa wasomaji wa Kigiriki. Haikuwa mahali pa shahada. Hata hivyo insafu yatutaka tukiri kuwa maandishi rasmi ya miongo ya kwanza ni machache na mafupi, na kuwa tamko la utume wa Muhammad (s.a.w.) linaanza kuonekana waziwazi kwenye sarafu mwaka 66 Hijria, huko Bishapur katika nchi ya Fars, kabla ya Abdul-Malik kulieneza katika sarafu zake. Ni swali halali la kihistoria kuuliza kwa nini dola ilichelewa kutumia mawe na sarafu kutangaza itikadi yake. Lakini kulijibu kwa kusema kuwa itikadi haikuwepo ni kuruka kutoka kwenye uchache wa mawe hadi kwenye kutokuwepo kwa umma. Mwaka 1999 Ali bin Ibrahim Ghabban alilipata karibu na Madain Saleh jiwe ambalo mtu aitwaye Zuhayr ameandika kuwa ameandika wakati alipofariki Umar, mwaka wa 24. Kabla ya kupatikana kwake wangeweza kusema Umar hana jiwe. Je, Umar (r.a.) alianza kuwepo mwaka 1999?

Si mustashrikina wote waliokwenda njia hiyo. Robert Hoyland, katika kitabu chake cha mwaka 1997 na makala yake ya baadaye, alizikusanya nyaraka hizi na kuonyesha kuwa zinaafikiana na umbo kuu la historia yetu: dola yenye amiri mmoja, kalenda yake na watu wake. Uadilifu ni kumpa kila mtu haki yake, hata asiye wa dini yetu.

NA SISI JE?

Ingekuwa rahisi kuishia hapo na kushangilia. Lakini jiwe hili lina maneno na sisi pia.

Wako wanaosema: jiwe limefukuliwa na wasio Waislamu, tena katika ardhi iliyotekwa, basi habari yake haipokelewi. Aya ya 6 ya Suratul Hujurat imetuamrisha kuhakikisha habari anayotuletea fasiki. Haikutuamrisha kuitupa kabla ya kuihakikisha. Na kuhakikisha kuna njia zake. Mafakihi wamejadili sana hukumu ya maandishi. Mahanafi wengi walisita kuyafanyia kazi kwa kuwa mwandiko hufanana na mwandiko, na Majalla ya dola ya Uthmaniya, katika kifungu cha 1736, ikaweka sharti kuwa maandishi yasalimike na tuhuma ya kughushiwa. Ibnul-Qayyim katika At-Turuq al-Hukmiyya alipanua mlango huu na kuonyesha uzito wa qarina. Tukilipima jiwe kwa sharti la Majalla: lilipatikana ndani ya jengo linalolitaja, na tarehe zake nne zinakaguana kwa hesabu ambayo mghushi angehitaji elimu kubwa kuipanga, ili apate nini? Apate kuthibitisha kalenda ya Waislamu?

Njia hii si ngeni kwetu. Karne ya 5 Hijria, Mayahudi wa Khaybar walileta mbele ya waziri wa Baghdad waraka wa kuwasamehe jizya, wakidai ni wa Mtume (s.a.w.). Al-Khatib al-Baghdadi aliutazama akasema ni wa uongo. Alipoulizwa sababu alijibu kwa tarehe: ndani yake mna ushahidi wa Muawiya, naye alisilimu mwaka wa kutekwa Makka, na Khaybar ilitekwa mwaka wa 7, tena mna ushahidi wa Saad bin Muadh, naye alifariki baada ya vita vya Khandaq, kabla ya Khaybar. Elimu ile ile iliyoubatilisha waraka ule ndiyo inayolithibitisha jiwe hili. Hatuwezi kujifakhirisha nayo inapotupendeza na kuikana inapotutia kazini.

Na sisi wa pwani ya Afrika Mashariki tutakuwa watu wa mwisho kudharau mawe. Ushahidi tunaouonyesha kwa fahari kuwa Uislamu ni wa kale kwetu ni maandishi ya Kikufi ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yenye mwaka wa 500 Hijria (1107 Miladia). Ikiwa jiwe la Kizimkazi ni hoja, basi kanuni iwe moja.

Wako wengine waliokwenda upande wa pili. Wameuona msalaba juu ya jiwe la serikali ya Kiislamu wakasema: hii ni dalili kuwa Sharia iliruhusu kila kitu, na vitabu vya fiqhi juu ya Ahlul-dhimma vifungwe. Hili nalo ni kosa. Kitendo cha karani si dalili ya Sharia, na hata kitendo cha liwali si dalili. Dalili ni Qur'ani, Sunna, ijmai na kiasi, kwa utaratibu wake. Imepokewa kuwa Umar (r.a.) alimlaumu Abu Musa al-Ashari kwa kumweka karani Mkristo. Basi ikiwa diwani ya Sham ilijaa makarani wa Kikristo miaka michache baadaye, tunachojifunza ni kuwa dhiki ya kazi iliwashinda watawala, au kuwa walijitahidi kwa namna nyingine. Hatujifunzi kuwa suala halikuwa na mjadala.

Lakini liko jambo ambalo jiwe linalifundisha, na mwanafunzi wa fiqhi asilikimbie. Yako masharti maarufu yanayoitwa Shurut Umariyya, ambayo ndani yake Wakristo wa Sham wanakatazwa kudhihirisha misalaba. Ibnul-Qayyim katika Ahkam Ahl adh-Dhimma aliona kuwa umaarufu wa masharti hayo unatosheleza mahali pa isnadi. Wengi wetu tumeyasoma kana kwamba yalitekelezwa Sham nzima tangu siku ya kwanza. Jiwe la Hamma, lililowekwa hadharani ndani ya jengo la serikali mwaka wa 42, kwa jina la Khalifa, linaonyesha kuwa haikuwa hivyo. Na si peke yake. Huko Umm al-Rasas, Jordan, kanisa la Mtakatifu Stefano lililofukuliwa mwaka 1986 lina sakafu za nakshi zenye maandishi ya Kigiriki na tarehe za karne ya 8 Miladia, zaidi ya miaka 80 baada ya Sham kufunguliwa. Ama masharti yalihusu baadhi ya miji bila mingine, ama yalikusanywa na kukazwa baadaye, ama yalikuwepo na hayakutekelezwa. Kuchagua kati ya hayo ni kazi ya mwenye elimu. Lakini umaarufu wa maneno si sawa na kutekelezwa kwake, na anayesimama juu ya mimbari akasema «hivi ndivyo Masahaba walivyowatendea Wakristo wa Sham» amebeba amana. Asema analolijua.

Jambo la mwisho. Jiwe hili lisitumiwe katika khilafu zetu juu ya Muawiya. Limeandikwa mwaka mmoja hivi baada ya Hasan bin Ali (r.a.) kumwachia uongozi mwaka wa 41, na linamwita Amiri wa Waumini kwa kuwa ndivyo alivyotambuliwa na utawala wa Sham. Halikuja kuamua yaliyopita Siffin, wala halimpandishi wala kumshusha mtu. Sunni, Shia na Ibadhi wanaweza kulisoma jiwe hili pamoja bila mmoja wao kuacha msimamo wake.

KWA MAIMAMU NA WANAFUNZI

Kijana atakapokuja na swali la jiwe la Muawiya, asifukuzwe. Akaliwe naye chini, ahesabiwe tarehe zile nne kwa karatasi na kalamu, aone mwenyewe kwa nini 42 haiwezi kuwa ya jua. Hesabu hiyo haichukui nusu saa, nayo itamfaa kuliko karipio la mwaka mzima. Na vyuo vyetu vinavyofundisha sira na tarekh viongeze somo la nyaraka na mawe ya karne ya kwanza. Aya ya 282 ya Suratul Baqara, iliyo ndefu kuliko zote, imekuja kutufundisha kuandika, kuweka mashahidi na kuhifadhi tarehe ya deni. Umma ulioamrishwa hayo haupasi kuwaachia wengine kazi ya kusoma yaliyoandikwa katika siku zake za mwanzo.

Muawiya (r.a.) alitengenezewa hamamu ili wagonjwa wapone, na karani asiyekuwa wa dini yake akaandika tarehe kwa ukweli. Karne 13 baadaye ukweli wa karani yule umekuwa shahidi kwa kalenda ya Waislamu. Mwenyezi Mungu humleta shahidi kutoka amtakako.

WaLlahu aalam.